Akina mama, krimu ya kiazi kikuu si tiba ya kila kitu

Mwezi uliopita nilikuwa katika saluni moja mtaani Eastlands, Nairobi, nikisukwa nywele, alipoingia mwanamke nadhifu aliyebeba mkoba uliojaa vikopo vyeupe. Hakupaza sauti. Alivipanga vikopo vyake mezani mbele ya kioo, kisha akatuuliza kwa upole ni nani kati yetu anayeumwa na tumbo wakati wa hedhi, ni nani ana uvimbe katika mji wa mimba, ni nani amekawia kushika mimba na ni nani amefikia umri wa kukoma hedhi. Tulikuwa wanawake saba. Hakuna aliyeweza kusema kwamba swali halimhusu.

Dawa ilikuwa moja kwa sote: krimu ya kiazi kikuu cha mwituni. Kikopo kilikuwa Sh2,500 na vidonge vyake Sh3,800. Unaipaka mapajani na tumboni asubuhi na jioni, basi. “Hii ni homoni ya asili, haina kemikali,” alisema. “Nyanya zetu waliijua. Wazungu walikuja wakaiiba, sasa wanaturudishia ikiwa ndani ya vidonge vya kupanga uzazi.”

Wanawake watatu walinunua papo hapo, wawili wao kwa simu. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza, nayo nitaieleza baadaye. Lakini nilipofika nyumbani nilijuta, na ndiyo maana leo naandika yale niliyopaswa kuyasema pale saluni.

Kwanza tuelewane ni kiazi kipi kinachozungumziwa, maana hapa nchini majina haya huchanganywa sana. Kiazi kikuu si nduma na wala si kiazi kitamu. Ni mmea unaotambaa na kupanda mti, nao huficha chakula chake chini ya ardhi. Kwetu Meru tunakiita gikwa, na vikiwa vingi ni ikwa. Wakikuyu pia hutumia jina hilo, na desturi yao ni kukipanda chini ya mti wa mukungugu ili kipate mahali pa kupandia. Ukienda Marikiti utakipata kimepangwa kando ya nduma, kikiwa na maganda meusi yenye vinyweleo, na bei yake humfanya mtu afikirie mara mbili.

Karatasi ya matangazo aliyotuachia yule mama ilikuwa na picha ya nduma! Kama muuzaji hajui sura ya mmea anaouuza, sijui tumwamini vipi kuhusu yaliyomo ndani ya kikopo.

Aina za mimea ya jamii hii ni mamia. Zipo zinazolimwa na zipo za mwituni, na za mwituni si za kuchezea. Wazee wa Pwani wanaijua ndiga, ambayo watu waliichimba wakati wa njaa. Ndiga ina sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Ilibidi ikatwe vipande vyembamba na kulowekwa majini kwa siku kadhaa kabla ya kupikwa, na aliyekosa subira alijuta. Kwa hivyo neno “asili” lisitulaze usingizi. Ndiga pia ni ya asili.

Je, ni kweli kwamba nyanya zetu walitumia kiazi kikuu kuponya magonjwa ya kike? Nilimpigia simu mama yangu, ambaye ametimiza miaka 80 na bado analima Nkubu. Alicheka sana. Aliniambia kwamba ikwa zilikuwa chakula cha heshima, cha mgeni na cha siku za shughuli, na kwamba kuzipanda na kuzichimba ilikuwa kazi ya wanaume. Uzuri wake mkubwa ulikuwa kwamba zingeweza kukaa ardhini mpaka zihitajike. Mzazi alipewa uji, na kwa majirani zetu Wakikuyu alipewa njahi ili apate maziwa. “Sisi tulikula ikwa kwa sababu ni tamu,” alisema. “Nani aliwahi kuipaka tumboni?”

Mama yangu si maabara, wala hazungumzi kwa niaba ya jamii zote za Kenya. Huenda kuna mkunga wa kienyeji mahali fulani aliyetumia mizizi ya jamii hii kwa jambo fulani, na ningefurahi kama wataalamu wa dawa za kienyeji katika taasisi ya KEMRI wangemtafuta na kumsikiliza. Lakini habari za krimu hizi hazikutoka kwake. Zilitoka mbali sana, na safari yake inafaa kufuatwa kwa sababu ndani yake mna ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaouza vikopo.

Huko Marekani kuna kiazi cha mwituni ambacho waganga wa mitishamba wa karne ya 19 walikitumia kutuliza msokoto wa tumbo. Ndiyo sababu wengine walikiita mzizi wa msokoto. Walikitumia pia kwa maumivu ya hedhi na ya uzazi, wakiamini kwamba kinalegeza misuli iliyokaza. Hakuna aliyezungumzia homoni wakati huo, kwani hata hizo homoni za kike zilikuwa hazijagunduliwa.

Wanasayansi walipozigundua katika karne ya 20 walipata shida kubwa ya kuzipata kwa wingi. Projesteroni, homoni inayotayarisha mji wa mimba kupokea na kulea mimba, ilitolewa katika ovari za nguruwe. Ilihitajika shehena kubwa ya ovari ili kupata punje tu ya dawa. Bei yake ilikuwa ya kutisha, takriban dola 80 kwa gramu moja mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Hapo ndipo alipotokea mkemia Mmarekani, Russell Marker. Alijua kwamba viazi fulani vya mwituni vina kitu kinachoitwa diosijenini, ambacho wanasayansi wa Japani walikuwa wamekitambua katika miaka ya 1930. Umbo lake linakaribiana na lile la homoni za binadamu. Marker alisafiri hadi jimbo la Veracruz, Meksiko, akatafuta kiazi kikubwa kilichokuwa kikimea huko, akarudi nacho na kuanza kazi. Alikipitisha katika hatua kadhaa za kikemia, akitumia asidi na joto, mpaka akapata projesteroni kamili. Mwaka wa 1944 alishiriki kuanzisha kampuni ya Syntex katika jiji la Mexico. Bei ikaporomoka.

Mwaka wa 1951, katika kampuni hiyo hiyo, kijana wa Meksiko aitwaye Luis Miramontes, akifanya kazi chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz, alitengeneza noretisteroni. Hii ni dawa ambayo hadi leo daktari anaweza kukuandikia hapa Kenya ukitokwa na damu nyingi ya hedhi, na pia imo katika baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi. Marekani iliidhinisha kidonge cha kwanza cha kupanga uzazi mwaka wa 1960, kikiwa na homoni inayokaribiana sana na hiyo.

Kwa hivyo yule mama wa saluni hakudanganya aliposema kwamba kiazi kikuu na vidonge vya uzazi vina undugu. Hata kuhusu wizi, ana hoja. Wakulima maskini wa Meksiko ndio waliochimba kiazi kiitwacho barbasko kwa miaka mingi na kulipwa kidogo, huku makampuni yakitajirika. Serikali yao ilipounda kampuni ya umma ya kusimamia biashara hiyo mwaka wa 1975, jua lilikuwa limeshaanza kutua, kwani viwanda vilikuwa vikigeukia soya na malighafi nyingine.

Anapokosea ni hapa. Marker hakuwapa wanawake kiazi wale. Alikitia katika vyombo vya maabara. Hatua zile za kubadilisha diosijenini kuwa projesteroni mwili wa binadamu hauwezi kuzifanya, kwani hauna vimeng'enya vya kazi hiyo. Unaweza kula kiazi kikuu kuanzia Januari hadi Desemba na kukipaka kutoka kichwani hadi miguuni, lakini mwili wako hautakigeuza projesteroni.

Wenzangu wanaosafiri kwa barabara ya Mombasa wanaviona viwanda vya simiti pale Athi River. Simiti hutengenezwa kwa mawe ya chokaa. Lakini hebu jaza mawe hayo ya chokaa katika shimo la msingi wa nyumba yako, uyamwagie maji, usubiri yashikane. Utasubiri sana. Kati ya jiwe na simiti pana tanuri.

Kuna msomaji atakayeniambia kwamba sayansi haijui kila kitu na kwamba dada yake alipona. Basi tuangalie majaribio. Mwaka wa 2001 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wanawake 23 waliokuwa wakisumbuliwa na joto la ghafla la kukoma hedhi. Kila mwanamke alipaka krimu yenye kiazi cha mwituni kwa miezi mitatu, na krimu tupu isiyo na kiazi kwa miezi mingine mitatu, bila kujua ni ipi anayoipaka. Hakukuwa na tofauti ya maana. Joto lilikuwa lile lile, na homoni katika damu hazikubadilika. Jambo jema ni kwamba krimu haikuwadhuru.

Jaribio jingine, la Taiwan, lilichapishwa mwaka wa 2005, na haki inanidai nilitaje kwa sababu linakisifu kiazi. Wanawake 24 waliokwisha kukoma hedhi waliombwa kula gramu 390 za kiazi kikuu kwa siku katika milo miwili badala ya wali, kwa siku 30. Wanawake 22 walimaliza. Baadhi ya homoni za jamii ya estrojeni ziliongezeka katika damu yao, na hali ya mafuta ya damu ikawa nzuri kidogo. Kiazi walichokula ni cha aina ile ile inayolimwa huku kwetu Pwani.

Hizo ni habari njema kwa wapenzi wa viazi, lakini tusizivute kupita kiasi. Ni wanawake wachache, kwa mwezi mmoja, na walikula chakula sahanini, hawakupaka kitu wala kumeza kidonge. Hakuna aliyepimwa kama uvimbe wake umepungua au kama ameshika mimba. Tena fikiria: kama kweli kiazi kinaongeza estrojeni, basi hakimfai kila mtu. Mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au anayetokwa na damu isiyoeleweka, ndiye wa mwisho kuongezewa estrojeni bila daktari kujua. Muuzaji achague moja. Ikiwa dawa yake haina nguvu, asiiuze. Ikiwa ina nguvu, asiiuze saluni.

Na kuna jambo ambalo hunishangaza zaidi. Kiazi hicho hicho huuziwa mwanamke anayetafuta mtoto, na huko Marekani kimewahi kutangazwa kwa mwanamke asiyetaka mimba kama njia ya asili ya kupanga uzazi. Huko Nijeria, mji wa Igbo-Ora unasifika duniani kwa kuzaa mapacha wengi, na wenyeji wake husema ni kwa sababu ya amala, yaani ugali wa unga wa kiazi kikuu, pamoja na mchuzi wa majani ya bamia. Watafiti wamekwenda huko kwa miaka mingi na hawajathibitisha kwamba ni chakula. Wengi wanashuku ni urithi wa damu. Sasa mzizi mmoja utazuiaje mimba Marekani, ulete mapacha Nijeria, na upunguze uvimbe Eastlands?

Sasa nieleze kwa nini nilinyamaza pale saluni. Mwaka juzi mimi mwenyewe nilinunua kikopo cha aina hiyo, kutoka kwa muuzaji mwingine, nikampelekea mama mdogo kama zawadi ya Krismasi.

Mama mdogo ana miaka 58. Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka 53, na joto la usiku likamtesa mpaka akawa analala kwenye kiti karibu na dirisha. Alienda kliniki moja. Alikaa kwenye foleni tangu saa moja asubuhi, akaonwa saa saba mchana, na aliyemwona hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. “Ni umri tu, mama. Utazoea,” aliambiwa, akapewa vidonge vya maumivu. Aliponisimulia nilikasirika, na hasira yangu ikanipeleka kwa muuzaji wa krimu. Nilidhani ninamsaidia.

Aliipenda sana. Muuzaji alikuwa akimpigia simu kila wiki kumuuliza hali, akimwita “mama yangu”. Joto likapungua kidogo. Kisha, baada ya miezi michache, akaanza kuona damu. Kidogo tu, kwa siku mbili, halafu ikaacha, halafu ikarudi. Alimuuliza muuzaji. Jibu lilikuwa kwamba mwili unajisafisha, uchafu wa miaka mingi unatoka, na kwamba hiyo ni dalili ya ujana kurudi. Asiache dawa, bali aongeze.

Mama mdogo aliongeza. Kwa miezi saba alitokwa na damu na hakuniambia, kwa aibu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemletea dawa na hakutaka kunivunja moyo. Nilijua siku nilipomwona akishika ukuta akitoka jikoni. Tulipompeleka hospitali alipigwa picha ya ultrasaundi, kisha wakachukua kipande kidogo cha ukuta wa ndani wa mji wa mimba na kukipeleka maabara. Ilikuwa saratani.

Sisemi kwamba krimu ndiyo iliyoleta saratani. Daktari aliniambia waziwazi kwamba hakuna anayeweza kusema hivyo, na huenda ilikuwa imeanza kabla sijainunua. Kosa la krimu ni kwamba ilimpa maelezo. Mwanamke aliye na maelezo hana haraka ya kwenda hospitali. Miezi saba ilipotea, na katika ugonjwa huu miezi saba si kitu kidogo. Uvimbe ambao ungekutwa umekaa kwenye ukuta wa ndani tu ulikutwa umechimba zaidi.

Si kila mwanamke anayeona damu baada ya kukoma hedhi ana saratani. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba ni karibu mmoja katika kila kumi. Lakini ukiwachukua wanawake kumi waliopatikana na saratani ya ukuta wa mji wa mimba, tisa kati yao walianza kwa damu ya namna hiyo. Kwa hivyo sheria ni nyepesi. Ukishamaliza miezi 12 bila hedhi, tone lolote la damu baada ya hapo ni la kuonyeshwa daktari wiki hiyo hiyo. Si la kusafisha mwili. Mji wa mimba hauna uchafu wa miaka mingi uliohifadhiwa mahali.

Watu huniuliza, basi kwa nini wanawake wengi husifu krimu hizi? Jibu ni kwamba mambo mengi ya mwili wa kike huja na kuondoka yenyewe. Joto la kukoma hedhi huwaka kwa miaka kadhaa, kisha hupoa. Maumivu ya hedhi hayafanani mwezi hadi mwezi. Uvimbe wa mji wa mimba, ule usio wa saratani, ni jambo la kawaida mno kwetu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa nao wanapofikia miaka 50, na wengi hata hawajui. Hedhi ikikoma, uvimbe huo kwa kawaida hunywea. Muuzaji akimpata mteja wa miaka 50 kwa wakati unaofaa, krimu itavikwa taji isilostahili.

Kwa mwanamke kijana anayetafuta mtoto, mambo ni mazito zaidi kwa sababu saa yake inahesabika. Mirija iliyozibwa na maambukizi ya zamani haifunguki kwa kupaka kitu tumboni. Na mara nyingi sana tatizo limo pia kwa mume, au kwa wote wawili. Nawajua wanawake waliopaka krimu kwa miaka mitatu huku mume hajawahi kupimwa mbegu hata mara moja, kipimo ambacho ni miongoni mwa vile rahisi zaidi. Wakiwa wamejaribu mwaka mzima bila mafanikio, au miezi sita ikiwa mke amepita miaka 35, waende pamoja. Nasema pamoja.

Kuna na wale wanaoambiwa kwamba kiazi kikuu “huongeza damu” kwa anayetokwa na hedhi nyingi. Gramu 100 za kiazi hicho zina madini ya chuma yasiyofika hata miligramu moja, na mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji takriban miligramu 18 kwa siku. Ana bahati nzuri zaidi kwa maini, nyama na maharagwe. Na ikiwa anajaza kitambaa cha hedhi kila saa moja au mbili, au damu inatoka na mabonge, au hedhi inapita siku saba mwezi baada ya mwezi, mboga peke yake haitoshi. Apimwe damu na atafutiwe chanzo.

Nitaulizwa kama nawapiga vita waganga wa mitishamba. Sivyo. Mtaalamu wa kweli wa dawa za kienyeji anaujua mmea wake, anajua ulichimbwa wapi na kwa msimu gani, na anajua kusema “hii inanishinda, nenda hospitali”. Yule mama wa saluni si mganga. Ni mfanyabiashara aliyenunua katoni, na lugha ya nyanya zetu ameiazima. Baadhi ya krimu za namna hii zilizochunguzwa ng'ambo zilikutwa zimetiwa projesteroni ya kiwandani kisirisiri. Hapo ndipo zile zinazoonekana kufanya kazi zinapotia hofu zaidi, maana mwanamke anatumia homoni kamili bila kujua kipimo chake, akiamini anapaka kiazi.

Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo iliyopewa kazi ya kusajili bidhaa za tiba, pamoja na hizi za mitishamba. Ningependa kuwaona wakaguzi wake wakiingia saluni na si katika maduka ya dawa pekee, kwa kuwa biashara yenyewe imehamia saluni, kwenye vikundi vya chama na kwenye simu. Kikopo kisicho na nambari ya usajili, jina la mtengenezaji na orodha ya vilivyomo kisiuzwe kama dawa. Akitaka, akiuze kama mafuta ya kujipaka, kwa bei ya mafuta ya kujipaka.

Lakini lawama yangu kubwa haimwendei muuzaji. Naomba madaktari na wauguzi wanaosoma ukurasa huu wanivumilie. Yule muuzaji alimsikiliza mama mdogo. Alimuuliza usingizi wake, alimuuliza habari za mume wake, alikumbuka jina la mjukuu. Kliniki ilimpa dakika nne na kumwambia atazoea. Dawa za kupunguza joto la kukoma hedhi zipo na zimepimwa, nazo zina faida na hatari zake ambazo daktari anapaswa kuzieleza. Hakuna aliyemtajia hata moja. Mtu akifukuzwa na baridi ya nyumba moja ataingia nyumba yenye moto, hata kama moshi wake unaua. Kama kliniki zetu zingekuwa na muuguzi mmoja tu, siku moja kwa wiki, wa kukaa na wanawake waliopita miaka 45 na kuwasikiliza, nadhani nusu ya vikopo vile vingebaki mkobani.

Mama mdogo alitolewa mji wa mimba mwaka jana, na baadaye akapata tiba ya mionzi. Amepungua uzito lakini sauti yake imerudi, na anawagombeza wajukuu kama zamani. Hajawahi kunilaumu kwa kile kikopo. Mimi bado nimekiweka, kikiwa nusu, juu ya kabati, na sijui ninakiwekea nini.

Ana miadi na daktari wake Jumanne ijayo. Nitampeleka mimi, na kwa kuwa kantini ya pale huuza chai na mandazi tu, mama ametutumia ikwa mbili kutoka Nkubu kwa matatu. Nitazichemsha alfajiri na kuzifunga katika kitambaa, tuzile na chai tukingojea jina lake liitwe.